Barua ya wazi kwa wanaotutangazia habari za mlima, ziwa na magonjwa hapa Goma

Kwa wakubwa wa uangalizi wa volkano, wa afya na wa ulinzi wa raia katika Kivu ya Kaskazini, na kwa wakurugenzi wa redio na televisheni za Goma,

Salamu kwenu nyote.

Sikuandika jina la mkubwa yeyote juu ya barua hii, na nimefanya hivyo makusudi. Katika mji wetu wakubwa hubadilika, mara nyingine ghafla, lakini kazi ninayotaka kuizungumzia inabaki mezani kwa yeyote anayekalia kiti. Mimi ni mtangazaji wa Kiswahili. Asubuhi nasoma komunike zenu, yaani matangazo yenu rasmi, halafu napokea simu za watu ambao hawakuzielewa. Simu hizo ndizo zimenifanya niandike.

Ombi langu ni hili. Tuambieni mnachokijua, tuambieni pia msichokijua, na mseme ni saa ngapi mtarudi kutuambia zaidi. Mseme kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu mwenye jina, mlima ukiwa umetulia kama vile ukiwa umewaka.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua na wasikilizaji wangu hawalijui. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka bila mtu kuonywa. Habari za kwanza usiku ule zilitaja Nyamulagira, volkano jirani, na kila mtu wa Goma anajua kwamba lava ya Nyamulagira kwa kawaida huishia mbugani, kwa hiyo wako waliotulia wakati hawakupaswa kutulia. Watu wapatao 30 walikufa. Lava ilimeza nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Hadi leo, simama kwenye foleni ya maji uulize nini kilitokea, utaambiwa wataalamu walijua wakanyamaza, au pesa zililiwa, au vyote viwili. Habari ya pesa ina ukweli wake: ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uangalizi ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea takwimu kutoka kwenye vipimo vyake mlimani. Hilo tulilisikia sana, na vizuri tulilisikia.

Ambalo hatukulisikia ni lile lililochapishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo wenzetu wa hapahapa Goma, walieleza katika jarida la Nature kwamba walipopitia rekodi zote za vipimo, dalili za wazi za kwanza zilionekana kama dakika 40 tu kabla ya mlima kupasuka. Sababu wanayoitoa inaeleweka. Volkano nyingi hutetemesha ardhi siku nyingi kabla ya kulipuka kwa sababu magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, inapanda kutoka chini sana, ikivunja miamba njiani. Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava kwenye tundu lake tangu mwaka 2002. Magma ilikuwa tayari iko juu, ndani ya mlima wenyewe, nyuma ya ukuta. Haikuhitaji kupanda. Ukuta ulizidiwa, ukapasuka, ikatoka.

Nimetumia sentensi chache, na hakuna hata moja ambayo mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza kwenye soko la Kituku angeshindwa kuielewa. Maelezo haya yangewatoa wataalamu wetu kwenye lawama kubwa kuliko zote walizowahi kubebeshwa. Wakubwa wangu, mbona hamkuja redioni kuyasema? Sisemi mara moja, kwenye semina, kwa Kifaransa. Nasema kuyasema hadi yazoeleke.

Na kuna jambo lililo chini yake ambalo ni zito zaidi. Mwaka 2002, kabla ya lava kukata mji vipande tarehe 17 Januari, matetemeko yalikuwa yameongezeka tangu mwaka uliotangulia. Wazee waliopita mji huo ukiungua wanakumbuka hivyo, wamewafundisha watoto hivyo: mlima hupiga hodi kwanza. Mwaka 2021 ulionyesha kwamba si lazima upige. Watu karibu wote ninaoongea nao hewani bado wanategemea ile hodi. Wanasema, "Tukisikia tetemeko kubwa tutakimbia." Hili ni kosa linaloweza kuua, linazunguka mjini kila siku, na kulisahihisha hakuhitaji mashine wala mfadhili.

Sasa nije kwenye ile alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei 2021, ambayo hakuna mtu wa redio atakayeisahau. Gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja. Tangazo lilisema magma iko chini ya mji na imefika chini ya ziwa, na kwamba mlipuko unaweza kutokea nchi kavu au chini ya maji bila dalili kubwa ya kutangulia. Watu karibu 400,000 waliondoka. Barabara ya kwenda mji wa Sake ilijaa magodoro, chukudu (baiskeli zetu za mbao) zilizopakia sufuria na wazee, motari (waendesha pikipiki za abiria) waliopandisha bei mara tatu kabla ya jua kuwaka.

Amri ile haikuwa ya bure. Utafiti uleule wa 2022 unasema magma ilikuwa imejipenyeza karibu nusu kilomita chini ya nyumba zetu. Mkubwa yeyote mwenye akili angewaambia watu waondoke. Lakini simu zilizoingia studio asubuhi ile hazikuwa zinabisha. Zilikuwa zinauliza. "Yaya, kwa nini Murara na si Katindo?" "Mimi niko Himbi, sikutajwa, lakini shemeji yangu wa Majengo amehamia kwangu, sasa sisi wote twende wapi?" "Niwaache kuku?" "Ni kwa siku ngapi?" Mama mmoja alikuwa ameinjika maharage na alitaka kujua kama ana muda yaive. Nacheka nikikumbuka, lakini lilikuwa swali la kisayansi kabisa: hatari hii ni ya dakika, ya saa, au ya siku? Sikuwa na jibu. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kifaransa cha ofisini, yenye orodha ya kartie na njia za kupita. Jibu la Murara na Katindo lilikuwa kwenye ramani ya wataalamu, na ramani haisomwi redioni isipokuwa aje mtu aielezee.

Tulipokaa kimya sisi, WhatsApp ikasema. Kufikia saa nne asubuhi mji wote ulikuwa na ujumbe wa sauti kwamba ziwa litalipuka usiku huo na hakutabaki hata panzi kutoka Goma hadi Bukavu.

Kuhusu ziwa, naomba nisimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo hofu ya watu wetu ina msingi wa kweli na ndipo mnapoongea kidogo kuliko mahali pengine popote. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485. Chini kule, kuanzia kama mita 250, maji yameshika gesi nyingi mno: kilomita za ujazo karibu 300 za kaboni dioksidi, ileile inayofanya mazuku, yaani gesi inayotoka ardhini na kuua mabondeni, na karibu 60 za methani. Kule Kamerun, ziwa dogo la Nyos lilitoa gesi yake tarehe 21 Agosti 1986 likaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo anayeogopa si mjinga. Lakini kuna nusu ya pili ya habari. Gesi ile imekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, yamelala kwa matabaka ambayo hayachanganyiki kwa urahisi. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani mbele ya macho yetu, na matabaka hayakuvurugika. Mwaka 2021 magma ilipita chini yake, hayakuvurugika. Wenzetu wa upande wa Rwanda, pale Karongi, wanavuta methani hiyo na kuifanya umeme. Hatari ipo, inapimwa, na kwa mlipuko mdogo si rahisi iamke. Kuyasema hayo yote redioni kunakula muda kidogo kuliko tangazo la sabuni. Asubuhi ya tarehe 27 hakuna aliyekuja kuyasema, kwa hiyo watu walikimbia ziwa kuliko walivyokimbia mlima, na wako waliopita Sake wakaendelea kupanda milimani na watoto wachanga.

Halafu mlipuko wa pili haukuja. Kuanzia Juni watu walirudi, wengine wakakuta milango imevunjwa. Nini kilisemwa mitaani? Walitudanganya. Sasa fikirini nahodha wa boti ya Bukavu anayekataa kung'oa nanga jioni kwa sababu ya upepo. Upepo usipokuja, abiria watanung'unika, watalala bandarini, lakini hakuna atakayemwita mwongo, kwa sababu aliwaonyesha mawingu akawaambia, "Sijui kama itachafuka, ila ikichafuka tukiwa katikati hatutarudi." Nyinyi mawingu hamkutuonyesha. Mlitoa amri kana kwamba mna uhakika, na uhakika ulipokosekana, imani ikaondoka nayo. Komunike nyingine itakapokuja, wako watakaobaki majumbani, na hao watakuwa wamejifunza kutoka kwenu.

Najua mnachojibu, nimekisikia mara nyingi kikisemwa kwa sauti ya chini kwenye korido: tukiwaambia watu kwamba hatujui, watapata hofu. Wakubwa, sisi tumejenga kuta za nyumba zetu kwa mawe ya lava. Tunapika, tunaoa na kuzika juu ya lava ya 2002. Neno "volkano" halituzimishi. Kinachotutia hofu ni gari la mkubwa kuonekana linavuka mpaka usiku huku redio ikipiga muziki.

Afya nayo ina hadithi yake. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Ilikuwa rahisi kusema watu wa kule ni wagumu wa kichwa. Lakini miezi mitatu baadaye uchaguzi wa Desemba uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotajwa, ilhali makanisa na masoko yalikuwa wazi. Ukimwambia mtu ugonjwa unamzuia kupiga kura lakini haumzuii kwenda sokoni, unataka aamini nini?

Nakumbuka pia matangazo tuliyoyapitisha mwanzoni, sisi redio, mara nyingi kwa siku: Ebola inaua, haina dawa. Kama haina dawa, kwa nini nimpeleke mtoto wangu akafie kwenye hema la plastiki, mikononi mwa watu waliofunikwa uso? Afadhali afie nyumbani, nimshike mkono. Watu walifanya hesabu hiyo na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa habari tuliyowapa. Kumbe dawa zilikuwa zinajaribiwa hapahapa tangu Novemba 2018. Agosti 2019 matokeo yalitoka, na Profesa Muyembe, aliyeongoza mapambano ya Ebola nchini, akatangaza kwamba tangu siku hiyo haitasemwa tena kuwa Ebola haina tiba. Waliopewa mojawapo ya zile dawa mbili bora mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu tisa kati ya kumi walipona. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya mwaka 1995 katika mji wetu wa Kikwit. Mkongomani! Hii ilikuwa habari ya kupigiwa ngoma kila kona ya nchi. Tuliisoma kwenye habari za saa, baada ya ziara ya ujumbe fulani na kabla ya michezo.

Ugonjwa wa mpox, mwaka 2024, tuliharibu kwa namna nyingine. Aina mpya ya virusi ilikuwa imegunduliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, na ilienea kwanza kwenye baa na vyumba vya kulala. Redioni tulisema "kugusana" tukaishia hapo, kwa aibu. Vijana wakaelewa ni kushikana mikono. Chanjo ilipoanza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba, maswali yote niliyopokea yalikuwa kwa nini hao wanachanjwa na sisi hapana, na jibu lilihitaji neno ambalo hakuna aliyetaka kulitamka kabla ya watoto kulala.

Nimesema "tuliharibu" kwa sababu barua hii ni ya wakurugenzi wa redio pia. Nyinyi mnajua jinsi habari ya sayansi inavyotengenezwa kwetu. Kuna semina hotelini. Mwandishi anatumwa bila nauli, mshahara wake ukiwa na miezi. Anayeandaa semina ndiye anayempa pesa ya usafiri mlangoni, ndani ya bahasha, pamoja na chupa ya maji na faili. Jioni mnarusha dakika mbili: nani alifungua, nani aliwashukuru washirika, nani alifunga, na picha ya pamoja. Kilichogunduliwa kimebaki ndani ya faili. Mwandishi hakuuliza swali gumu kwa sababu bahasha ijayo itatoka mkono uleule. Simlaumu. Nawauliza nyinyi ni lini mara ya mwisho mlimlipa mwandishi mmoja, mmoja tu, akae na habari ya ziwa juma zima.

Na mnapenda kelele. Mnaweka mtaalamu wa matetemeko na nabii kwenye meza moja, dakika kumi kila mmoja, mnaita mjadala. Nabii hasemi "huenda". Kila mara anashinda.

Lakini mtaalamu mwenyewe kumpata ni kazi. Kuna wakati ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, simu zikatuzidi. Nikamwomba kijana mmoja wa ofisi moja ya hapa mjini, msomi, anayeongea Kiswahili kizuri kuliko changu, aje dakika tano tu. Alikuwa na grafu kwenye simu yake, alinionyesha pale nje ya lango la ofisi: mistari mikubwa ya juzi, midogo ya jana, midogo zaidi ya asubuhi ile. Kwa kuangalia tu nilielewa kwamba mambo yanapoa. Akaniambia hawezi kusema hewani bila barua iliyosainiwa na mkubwa wake. Mkubwa alikuwa safarini. Barua ilifika matetemeko yakiwa yamesahaulika, na nabii alikuwa amekwisha kutueleza kila kitu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mambo ambayo hayana gharama kubwa. Nusu saa kila juma, siku ileile, saa ileile, jioni watu wakiwa wamerudi kutoka sokoni, kwenye redio zote zitakazokubali, bila malipo upande wowote. Mtaalamu aje na ruhusa ya kudumu, isiyohitaji saini kila tetemeko. Aseme vipimo vimeonyesha nini, nini hakieleweki bado, na simu zifunguliwe. Juma ambalo hakuna jipya, aseme hakuna jipya, halafu atufundishe mazuku: kwa nini mabonde ya Bulengo ni mabaya zaidi alfajiri wakati hakuna upepo, na kwa nini ukiona mbuzi ameanguka shimoni usimtume mtoto kumfuata, maana gesi ile ni nzito kuliko hewa na hujaa chini, na mtoto ni mfupi.

Komunike za dharura ziandikwe kwa Kiswahili ofisini kwenu, na mtu anayejua jambo lenyewe. Msimwachie mtangazaji kuitafsiri huku taa nyekundu imewaka. Karatasi hiyohiyo ipelekwe kwa mashefu wa avenyu (viongozi wa barabara za mtaa) na makanisani, ili mtu asikie maneno yaleyale kila anakokwenda. Na mkikosea, kama ilivyotokea usiku ule kwa jina la mlima, rudini kwenye kipindi kilekile mlichokosea mseme. Watu wetu husamehe kosa lililosahihishwa, niulizeni mimi ninayepokea simu zao.

Wakurugenzi, nusu saa hiyo msiiuze kwa kampuni ya simu baada ya mwezi wa pili. Mnajua ninachosema.

Sisi upande wetu tuko tayari kuanza na yeyote atakayekuja. Swali la kwanza ninaweza kuwapa mapema, kwa sababu linaulizwa mara nyingi: vile vibao vya rangi vya kuonyesha hali ya volkano vilivyowekwa kwenye njia panda za mji, kijani, manjano, machungwa, nyekundu, ni nani anayevibadilisha, anavibadilisha siku gani, na kile ninachopita kila asubuhi, ambacho kimeonyesha manjano hadi rangi imepauka, kinasema hali ya leo au ya mwaka gani?

Wenu katika kazi,
Mtangazaji wa Kiswahili, Goma